Mgawo wa Mlangoni

Tangu alfajiri Futi alikuwa na neno moja mdomoni, na neno lenyewe lilikuwa nusu. Aliamka nalo kwenye godoro alilolalia sebuleni kwa shangazi yake, akaenda nalo bafuni, akarudi nalo, akanywa nalo chai. Kila alipotaka kulitoa, shangazi alikuwa na simu sikioni. Na shangazi akishika simu, hata nyumba ikiwaka moto atakuonyesha kwa kidole tu ndoo ilipo.

Jina la Futi alilipata dukani. Kabla ya kuingia kwenye udalali wa nyumba alikuwa akishona mapazia na kwenda kuyafunga majumbani mwa watu, na futi kamba haikumtoka shingoni. Duka lilipofungwa, shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alimwambia, "Njoo kwangu nikufundishe kazi. Watu hawataacha kuhama." Akaja. Binti yake wa miaka saba akamwacha kwa bibi yake, kwa ahadi kwamba akipata chumba atamfuata. Kwa shangazi hapakuwa na nafasi ya mtoto, maana sebule ndiyo iliyokuwa ofisi, na wateja walianza kubisha hodi kabla godoro halijakunjwa.

Chumba chenyewe alikuwa ameshakiona. Kilikuwa karibu na shule, kina dirisha la kufunguka na choo ambacho mtu haoni haya kumwonyesha mgeni. Mwenye nacho alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na alikubali kumshikia mpaka mwisho wa wiki, si zaidi. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Futi alikuwa amepiga hesabu mpaka hesabu zenyewe zikamchoka. Akipata nusu ya kamisheni ya nyumba ya leo, chumba kinalipika na sare ya shule inapatikana. Akipata chini ya hapo, mtoto anabaki kwa bibi muhula mwingine, na ungekuwa wa tatu. Habari za chumba alimwambia mama yake tu, shangazi hakumwambia.

Sasa, katika kazi ile kuna sheria ambayo haikuandikwa popote na hakuna dalali asiyeijua: mgawo husemwa kabla mlango haujafunguliwa. Dalali aliyeipata nyumba na dalali aliyempata mteja wakikutana, husimama nje wakakubaliana nani anachukua ngapi. Mteja akishavuka kizingiti, aliyenyamaza hana mdomo tena. Atapokea atakachopewa na atashukuru. Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba nyumba ikishaonekana, mteja anaweza kurudi bila wewe, kwa hiyo wewe umeshakuwa mpita njia.

Futi aliijua sheria hiyo kwa kuumia. Aliwahi kuleta mteja wake mwenyewe, akasubiri biashara iishe ndipo aulize, kwa adabu, macho chini. Shangazi akampa ya vocha ya simu. Akaleta mwingine, akasubiri tena, akapewa ya viatu. Na safari zote mbili shangazi alimwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mlango ulishafunguliwa."

Lakini tuwe wakweli, shida haikuwa sheria. Shida ni kwamba mtu hamdai shangazi yake. Huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya kwanza ya shule, ndiye aliyelala naye hospitalini alipojifungua, ndiye aliyemwambia njoo wakati wengine walisema pole. Utaanzaje kumwambia nusu kwa nusu? Damu nzito kuliko maji, sawa, ila hakuna mwenye nyumba anayepokea kodi ya damu.

Na mteja wa leo alikuwa wa Futi kwa haki zote. Alikuwa mwalimu wa hisabati aliyestaafu, anakaa ghorofa ya tatu, na Futi alikuwa amewahi kumfungia mapazia. Mke wa Mwalimu magoti yalikuwa yamemgomea, ngazi zimekuwa adui yake, na Mwalimu alipotaka kununua nyumba ya chini, mtu wa kwanza kumpigia alikuwa yule msichana wa mapazia. Nyumba ilikuwa ya shangazi, mteja alikuwa wa Futi. Dalali yeyote barabarani angekwambia hapo ni pasu kwa pasu.

Alipanga kulisema njiani. Walitoka kwa miguu, kwa kuwa nyumba haikuwa mbali, na njia nzima shangazi alikuwa akimbembeleza mwenye nyumba kwenye simu. "Wiki hii hii, mzee wangu. Usimpe mtu mwingine. Nimekuomba." Futi alitembea nyuma yake hatua chache, akijiambia: pale kwenye duka la dawa. Duka la dawa likapita. Akasema: basi pale kwenye kona. Kona nayo ikapita, na mbele yao, nje ya geti, Mwalimu alikuwa ameshafika, mikono nyuma, anakagua ukuta kama anasahihisha daftari. Walimu hustaafu, lakini ugonjwa wa kuwahi hauwatoki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilidhani nimekosea nyumba."

"Hujakosea kabisa, karibu sana," shangazi alisema. Simu ikaita tena. Akachomoa ufunguo kwenye mkoba, akamtupia Futi. "Fungua, mwanangu, Mwalimu asisimame juani." Akageuka kupokea.

Futi alipanda barazani. Mlango ulikuwa wa chuma, na kufuli lake lilikuwa jipya, limetiwa mafuta, kufuli la kufunguka hata kwa kuombwa. Ufunguo uliingia laini. Aliuhisi unataka kuzunguka wenyewe. Aliona wazi kwamba akiuzungusha tu, kwisha. Ataitwa mwanangu, atapewa ya viatu, na viatu alikuwa navyo tayari.

Mkono ukagoma. Nyuma yake Mwalimu alikohoa.

"Shangazi," Futi aliita, na sauti ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Kufuli linasumbua."

Shangazi alikuja akinung'unika, simu ameibana kwapani. Akainama kando yake, mabega yakagusana, migongo yao wote wawili ikamwelekea mteja.

"Linasumbuaje? Nimelifungua jana kwa vidole viwili."

"Halina shida," Futi alinong'ona. "Shida ni mimi. Tuseme mgawo kwanza."

Shangazi hakuinua kichwa. Pumzi yake ilinukia chai ya asubuhi. "Hapa?"

"Mlango haujafunguliwa."

"Nani amekufundisha ujanja huu?"

"Wewe."

Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na hawa walikuwa wameinama kweli, mpaka kiuno cha shangazi kikaanza kulalamika.

"Ishirini kwa mia," shangazi alinong'ona.

"Nusu."

"Nusu ya nini, wewe mtoto? Nyumba nimeitafuta mimi. Mwenye nayo nimembembeleza mimi mpaka sauti imekauka."

"Mteja ni wangu."

"Na wewe ni wa nani?"

Hilo lilimchoma. Futi aliona kufuli likicheza mbele ya macho yake, akajua machozi yako karibu. Alitamani kuuzungusha ufunguo, amwombe radhi, mambo yaishe. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameshaingia mpaka shingoni.

"Mama," Mwalimu aliita kutoka chini ya ngazi za baraza, "labda ufunguo si wenyewe?"

"Ni wenyewe, Mwalimu," shangazi alijibu kwa sauti tamu. "Kutu kidogo tu."

"Kutu kwenye kufuli jipya?"

"Ndivyo yalivyo ya siku hizi." Halafu, chini chini, meno yamebanwa: "Thelathini. Na usinitie aibu mbele ya mteja."

"Shangazi, yule dalali wa mtaa wa pili akikuletea mteja, unampa ngapi?"

"Nusu. Lakini yule si mtoto wangu."

"Ndiyo maana anapata nusu."

Shangazi akageuza uso, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama. Walikuwa karibu kiasi kwamba Futi aliona unga wa poda ulivyokaa kwenye mikunjo ya macho yake. Hakujua kama ile ilikuwa hasira au kitu kingine.

"Haya," shangazi alisema. "Nusu. Lakini nusu kweli, ya kila kitu. Usije ukanilaumu. Fungua."

Futi akafungua, na kufuli likaachia papo hapo.

Mtu angedhani baada ya hapo alipumua. Wapi. Hofu ilibadilisha nguo tu. Mpaka mlangoni aliogopa asingepata nusu. Sasa aliogopa nusu hiyo isije ikawa ya kitu kisichopo, maana Mwalimu alikuwa hajasema neno. Mwalimu alipita chumba baada ya chumba. Alifungua mabomba, akayafunga. Aliuliza jua la asubuhi linaingilia upande gani. Aliingia jikoni, akatoka, akarudi tena jikoni. Alisimama kwenye mlango wa bafu akaupima kwa shubiri, upande hadi upande, kisha akaupima tena. Futi aliyaona yote hayo lakini hayakumwingia. Macho yake yalikuwa kwa shangazi: amekasirika? Amenisamehe? Mbona hasifii nyumba kama kawaida yake? Huyu ni mwanamke aliyewahi kumuuzia mtu nyumba ya kando ya makaburi kwa kusifia majirani wasio na kelele, na leo alikuwa anatembea nyuma ya mteja kimya, mkoba mkononi.

Walirudi barazani. Mwalimu akajipangusa vumbi viganjani.

"Bei ya nyumba sina ugomvi nayo," alisema. "Nina ugomvi na kamisheni yenu."

"Kamisheni ni ile ile ya kila mahali, Mwalimu," shangazi alisema.

"Najua. Lakini mimi nimefundisha maisha yangu yote. Mtu akiniambia kitu usoni nasikia nusu nusu. Mnong'ono wa dawati la nyuma ninausikia wote." Aliliangalia kufuli, kisha akamwangalia Futi, bila ubaya, kama anayemrudishia mwanafunzi karatasi yake. Masikio ya Futi yakawaka. "Mama hapa amekubali kuifanya kazi hii kwa nusu. Kumbe inafanyika kwa nusu. Basi nitalipa nusu. Mtagawana mnavyojua wenyewe."

Hesabu ile ilikuwa imepinda, na mwalimu wa hisabati alijua imepinda kuliko mtu yeyote pale. Ila aliisema kwa utulivu, na jambo la kijinga likisemwa kwa utulivu hupata heshima lisiyoistahili.

Futi alingoja. Alijua sasa ulimi wa shangazi utaamka, utamzungusha Mwalimu mpaka asahau jina lake. Alingoja, na shangazi akaubadilisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akamgeukia.

"Mwenzangu," alisema, "unasemaje?"

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Neno lilimpata Futi kifuani, na halikumfurahisha, lilimtisha. Wote wawili walikuwa wanamtazama yeye.

Akikataa, Mwalimu anaweza kuondoka. Nyumba ziko nyingi, na wanaotafuta wateja ni wengi zaidi. Mwenye nyumba alikuwa anatishia kuihamishia kwa dalali mwingine, hilo Futi alilisikia njiani kwa masikio yake. Mwezi mzima shangazi hakuwa ameuza hata kibanda. Akikubali, kamisheni inakuwa nusu, na nusu ya nusu ni robo. Robo haifiki hata ile thelathini aliyokuwa ameikataa pale kufulini. Robo hailipi chumba.

Alimtazama shangazi usoni, akitafuta jibu. Akaona midomo iliyokauka, akaona jasho juu ya mdomo, akaona mwanamke mtu mzima aliyesimama kwenye baraza la mtu mwingine akingoja kusikia kama leo ametoka bure. Anaogopa, Futi alijiambia. Nimemkaba mlangoni, sasa nimpotezee na biashara? Nitarudi naye nyumbani na uso gani?

"Tunakubali, Mwalimu," alisema.

Mwalimu alimpa mkono upesi sana, akampa na shangazi, akasema kesho atakuja na wakili wake, akashuka ngazi za baraza simu ikiwa tayari sikioni. Alikuwa bado hajafika getini walipomsikia akimwambia mkewe, "Nimeipata. Ndiyo. Kiti chako cha magurudumu kinapita bafuni, nimepima mara mbili."

Geti likafungwa. Shangazi akalirudisha kufuli mahali pake, akalibana.

"Angelipa yote," alisema.

"Nani?"

"Mwalimu. Mtu akishapima mlango wa bafu, ameshahamia. Ungesema hapana, angekwenda mpaka getini, angekumbuka magoti ya mke wake, angerudi. Labda tungemwachia kidogo ya heshima."

Futi akakaa kwenye ngazi. "Uliliona hilo?"

"Nipo kwenye kazi hii tangu hujaota meno."

"Kwa nini hukusema, shangazi?"

"Ningesemaje? Uliomba nusu. Ulidhani nusu ni ya pesa peke yake? Na kuamua ni nusu. Neno la kwanza kwa Mwalimu nimesema mimi, la mwisho nikakuachia wewe."

"Lakini na wewe umepoteza."

"Nimepoteza sawasawa na wewe, sikuzidi wala sikupungua. Na usifikiri haijaniuma. Imeniuma sana." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Nilikuangalia usoni," Futi alisema. "Nikaona umeogopa."

"Nilikuwa nimeogopa. Kila mlango naogopa, mpaka leo. Lakini si mimi niliyekuwa nanunua nyumba."

Futi angeweza kusema kwamba hakumtazama mteja kabisa, kwamba tangu alfajiri hakuona kitu ila sura ya shangazi, anaisoma kama mtu anayesoma mawingu. Badala yake aliinamisha kichwa, akajaribu kuipiga hesabu upya, kama vile robo ikipigwa vizuri inaweza kunenepa. Haikunenepa.

Simu yake ikaita. Alipoona ni namba ya mama yake, alitaka kuiacha, lakini alijua kwamba si mama yake anayepiga.

"Mama," binti yake alisema, "bibi anasema leo ndiyo siku ya kujua."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nifungashe?"

Futi alifunga macho. "Usifungashe bado. Chumba hakijapatikana. Muhula ujao, Mungu akipenda."

Alitegemea kilio. Kilio angekiweza, alikuwa ameshakizoea. Mtoto akasema, "Sawa, mama, usijali," kwa sauti ya mtu mzima anayemliwaza mwenzake, akamrudishia bibi simu.

Shangazi alikuwa amesimama ngazi ya chini yake, mkoba umelegea mkononi. Hakujifanya hakusikia.

"Chumba gani?" aliuliza.

"Nilikuwa nimeshikiwa chumba. Karibu na shule. Nimlete."

"Na nusu ilikuwa ya hicho?"

"Ndiyo."

Shangazi akakaa kando yake, polepole, kwa mkono mmoja ukutani. Walikaa mabega yamegusana kama walivyokuwa pale kufulini.

"Siku zote hizi unalala sebuleni kwangu," alisema, "unaniamkia kila asubuhi, unakula na mimi. Kwa nini hukuniambia ni ya mtoto? Ungeniambia, ningekupa yote."

Futi alijifuta uso kwa kiganja.

"Ndiyo maana sikukwambia," alisema.